Jirani wa Jirani Yangu

Nilikuwa na pini nne mdomoni aliponiuliza, ndiyo maana nikajibu kwa mkato. Kwa muda mrefu nilijitetea hivyo: mtu mwenye pini mdomoni hawezi kujieleza, akipanua kinywa atazimeza. Lakini pini nilizitoa baadaye, nikazirudisha kwenye kikopo chake, na sikuongeza neno.

Ilikuwa alasiri, hapa nyumbani kwangu Saltley, Birmingham, katika chumba cha mbele ambacho wengine wangekifanya sebule na mimi nimekifanya karakana ya cherehani. Nashona mabuibui, napunguza suruali, natia zipu. Jirani yangu, wa ukuta kwa ukuta, alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja karibu na dirisha, mahali pake pa kila siku, maana macho yake yana presha na bila mwanga haoni kitu. Akasema, "Shoga, nataka nende kwetu nikamuone mama kabla hajanifia. Macho haya hayanifikishi peke yangu. Tufuatane, miye na weye?"

Nikasema, "Inshallah."

Kwao ni Kuba. Najua nikisema Mkuba anayezungumza Kipemba mtu atadhani natunga, na mimi mwenyewe sikuamini. Wiki tuliyohamia mtaa huu nilisikia ng'ambo ya uzio sauti ya mwanamke ikimgombeza paka: "Toka hapa, huna haya weye!" Nikadhani shangazi yangu wa Wete amefufuka. Nikapanda juu ya ndoo kuchungulia, nikaona mama wa maji ya kunde, nywele fupi za mvi, amevaa koti la mume na viatu vya mpira. Nikamwamkia kwa Kiswahili. Akanijibu, akaniuliza habari za nyumbani, za watoto, za afya, za kazi, kwa mpangilio wetu ule ule, hakuruka hata moja. Nikashuka kwenye ndoo, nikaenda kugonga mlango wake.

Alikuwa daktari wa uzazi. Serikali yao ilimleta Pemba na wenzake, miaka ile hospitali zetu zilipokuwa na wagonjwa wengi kuliko madaktari. Wapemba wa umri wangu karibu wote wana Mkuba wao mmoja wa kumsimulia. Kiswahili alifundishwa na wanawake wenye uchungu, na mpaka leo Kiswahili chake kimejaa dua, kilio na amri. Akitaka nimpishe mlangoni husema, "Sogea, pumua, taratibu." Alinambia watoto wa kule walipouliza katokea wapi wakaambiwa Kuba, walikwenda kuangalia juu ya msikiti wa Ijumaa, wakaona kuba lile, wakajiuliza mtu mzima huyu analala vipi mule ndani. Kuna mzee mmoja alimwita Daktari wa Kuba, akimaanisha la msikiti, mpaka anaondoka na hakuwa anatania.

Huko Pemba akapendana na Mwingereza aliyekuja kutandaza mabomba ya maji. Alipoolewa naye akaiacha kazi aliyotumwa, na kwa hilo serikali yao ikamhesabu mtoro, ikampiga marufuku kukanyaga nyumbani miaka minane. Alizoea kusema jirani mkubwa wa nchi yao, Marekani, aliufunga mlango wa mbele na wenyewe wakamfungia wa nyuma. Mume akamleta Birmingham, wakaishi vizuri, kisha akafa na kumwachia nyumba yenye unyevu, koti na paka.

Tulipozoeana nikagundua ana neno la kwao analolitia kila mahali: ojalá, na wao hulitamka ohalá. Basi lije upesi, ojalá. Mvua isinyeshe, ojalá. Nikamwambia, "Shoga, hilo ni letu hilo. Hilo ni Mungu akipenda. Waarabu waliwaachia Wahispania, Wahispania wakawaachia nyinyi." Alicheka mpaka akashika ukuta. Yeye kafundishwa shuleni kwamba dini ni mambo ya kale, kumbe wakubwa wa chama kwenye hotuba zao walikuwa wakimtaja Mungu kutwa nzima bila kujijua. Siku mbili baadaye akaja na uamuzi wake. Alisema ojalá yao imelegea, imebaki kutamani tu, lakini inshallah yetu bado ina mifupa. "Kule Pemba," alisema, "mwanamke akinambia inshallah kesho nakuja kliniki, basi huja. Kwa miguu, na tumbo lake, na mvua juu. Huja."

Sikumsahihisha. Ningemwambia nini? Kwamba mimi inshallah yangu imekaa Birmingham miaka ishirini? Hapa tukialikwa harusi tusiyoitaka tunasema inshallah, na mwenye harusi akisikia hivyo hatuhesabii sahani. Ni adabu yetu ya kukataa bila kukataa. Tunamsukumia Mungu lawama, sisi tunabaki watu wazuri. Watu wazima wote tunaojuana hapa tunaelewa hivyo, na haijawahi kumuumiza mtu.

Mama yake alikuwa Bayamo, mji wa mashariki ya kisiwa ambako mpaka leo watu hupanda magari ya farasi kwenda sokoni. Alikuwa na miaka themanini na kitu. Alipokuwa msichana mbichi, baada tu ya mapinduzi yao, alipelekwa milimani kufundisha wakulima kusoma, na alijivunia hilo kuliko kuzaa. Sura yake siijui vizuri, sauti yake naijua. Jumbe zake za sauti zilikuja kwa mafungu. Siku mbili kimya, siku tatu kimya, kisha umeme ukirudi kule, simu ya jirani yangu inalia mara sita mfululizo, ujumbe wa sauti juu ya ujumbe wa sauti. Anazisikiliza hapa kwenye kiti cha wateja, sauti juu kabisa kwa kuwa ni daktari, na madaktari wote hudhani dunia nzima ni viziwi. Nyuma ya maneno ya bibi yule mtaa mzima unapiga kelele za furaha, wakubwa kwa wadogo, kama watoto wa Unguja umeme unaporudi. Kisha kelele inakatika katikati, maana umeme umeondoka tena.

Nilimuuliza siku moja kwa nini hali imekuwa hivyo. Akanitazama kama mgonjwa aliyeuliza swali la kitoto. Alisema babu yake alikata miwa kwenye shamba la Wamarekani, akanunua unga kwenye duka la Wamarekani wale wale, akazikwa pembeni ya reli yao. Mapinduzi yalipokuja mashamba yakachukuliwa, na jirani akakasirika. Akafunga biashara, na shoga yangu alikuwa bado hajazaliwa. "Nimezaliwa, nimesoma, nimevunja ungo, nimezeeka, bado kakasirika," alisema. "Na hapo hapo ana chumba ndani ya nyumba yetu, kambi yake ya jeshi kule Guantánamo, na ufunguo anao yeye. Kila mwaka analeta kodi na kila mwaka haipokelewi." Na sasa mafuta ya kuendeshea mitambo ya umeme yalikuwa hayafiki, kila aliyetaka kuyauza aliogopa kuonekana na jirani huyo. Wakubwa wao wenyewe hakuwasamehe pia. Alisema hao wakikaa gizani wiki moja tu mambo mengi yangepatiwa dawa. Lakini hasira zake kwa wakubwa zilikuwa za mtu kwa ndugu zake, na za jirani zilikuwa za mtu kwa hali ya hewa.

Nikamwambia sisi wa visiwani tunajua kukaa karibu na mkubwa kulivyo. Hapo nikanyamaza, kwa sababu mume wangu ni wa Bara na alikuwa jikoni anasikia.

Wakuba wenyewe, alisema, hawamalizani na Marekani. Wanaitukana mchana na wanaiota. Kaka yake alikimbilia huko kwa boti ya kuungaunga miaka ya njaa, yuko Florida, na sasa karatasi zake hazijakaa sawa, akitoka nje hana hakika ya kurudi. Kwa hiyo mtoto wa karibu kabisa na yule mama kwa ramani ndiye aliyekuwa mbali kuliko wote. Aliyebaki ni huyu wa Saltley, na macho yake.

Safari yenyewe ilikuwa ndege mpaka Madrid, ndege mpaka Havana, halafu barabara ya siku nzima kwa gari lolote litakalopata mafuta. Anahitaji mtu wa kumsomea ubao wa uwanja wa ndege, wa kumshika ngazini, wa kumtilia dawa ya macho kwa saa zake. Hana mtoto. Watoto aliowapokea duniani ni mamia na hakuna hata mmoja wake. Alikuwa na mimi, na mimi nilikuwa na inshallah.

Wiki mbili baada ya ile siku ya pini nilikuwa kwenye meza hiyo hiyo ya kukatia vitambaa, kompyuta mbele yangu, binti yangu kwenye simu. Binti yangu anaishi Ohio. Kaolewa huko, na alikuwa na mimba iliyokaa baada ya mbili kutoka. Nilikuwa nimemwahidi tangu mimba ya kwanza kabisa kwamba siku hiyo nitakuwapo. Kwa pasipoti ya Uingereza huendi ubalozini, unajaza fomu kwenye mtandao, unasubiri jibu. Tulikwenda vizuri, jina, kuzaliwa, kazi. Tukafika swali moja linalouliza kama umewahi kufika Kuba katika miaka hii ya karibuni.

Nikasoma mara mbili. "Na hili ni la nini?"

"Just tick no, Mama. Hujaenda Cuba."

"Sijaenda. Na nikienda baadaye?"

"Why would you go to Cuba?"

"Nauliza tu."

"Basi hii form unaisahau. Itabidi uombe visa kabisa, interview London, kusubiri sijui miezi mingapi. Na saa hizi vile mambo yalivyo wanaweza kukunyima bila sababu." Kisha sauti ikabadilika, akawa mtoto wangu wa miaka sita. "Mama. Please. Usinifanyie hivyo. Si unajua sina mtu huku?"

"Nani kasema naenda?" nikamjibu kwa ukali, na nikabonyeza hapana.

Nataka nieleze nilivyojisikia, kwa sababu watu wakisikia habari za vikwazo hudhani ni mambo ya meli na mawaziri. Nilijisikia nimeguswa bega ndani ya nyumba yangu. Mimi ni fundi cherehani. Sijawahi kugombana na Marekani. Lakini nchi ile kubwa ilikuwa imekasirika na kisiwa fulani tangu kabla sijazaliwa, na hasira hiyo ilikuwa imetembea mpaka Birmingham, imepita Digbeth, imepanda basi la Saltley, imekaa mezani kwangu na kuniuliza: yupi? Mjukuu wako au rafiki yako? Na hakukuwa na mtu wa kumjibu. Ningemwambia nani kwamba naenda kumshika mama mtu mzima mkono? Fomu haikuwa na nafasi ya kuandika maneno.

Jambo la kiungwana lilikuwa kugonga mlango wa pili siku ile ile. Sikugonga. Nikaanza kumpiga chenga. Nikawa natoa mapipa ya taka akiwa ndani. Akija nasema nina kazi ya watu ya haraka, na kweli nilikuwa nayo, niliitafuta. Akiniuliza tarehe, nasema mume wangu hajapata ratiba ya kazini, na mwenyewe hana habari kwamba namsingizia. Na kila mara nilimalizia na neno lile lile. Nilimpa inshallah nne au tano, mimi mwenyewe, bila pini mdomoni.

Yeye akaanza kufungasha. Alifungashia kwangu, kwa ajili ya mwanga. Akaleta masanduku mawili, akayafungua sakafuni katikati ya mabuibui ya watu. Taa za kuchaji kwa jua. Feni ndogo za betri. Betri za kifaa cha masikio cha mama yake, pakiti kwa pakiti. Dawa za presha, dawa za homa, plasta, sindano za kushonea, sabuni. Anakiinua kila kitu karibu na pua, anakitambua, anakiweka. Sanduku la kijivu lilikuwa lake. Jekundu alilipiga kofi akasema, "Hili lako. Nimekujazia, usichukie. Weye nguo zako mbili tu, za kuvaa na za kubadili. Kule hakuna wa kukuangalia." Nilikaa kwenye cherehani nikikanyaga pedali bila kitambaa chini ya sindano.

Iliyoniumbua ilikuwa kazi yangu mwenyewe. Nilikuwa nashona vinguo vya mtoto mchanga, vile vya kufunga ubavuni kwa kamba, kwa kitambaa laini cha pamba nilichonunua Alum Rock Road. Vilikuwa vimekunjwa chini ya buibui la mteja. Alipokuwa anapapasa akitafuta mkasi, mkono wake ukavigusa. Mikono ya daktari wa uzazi haihitaji macho. Akavinyoosha kimoja kimoja juu ya goti lake.

"Vya nani?"

"Vya binti yangu."

"Miezi mingapi?"

"Wa saba unaisha."

Akahesabu kwa kidole gumba juu ya vidole vingine. Kisha akasema, "Basi huendi na miye."

Nikamweleza yote, fomu, swali, London, kilio cha mtoto wangu. Nilisema haraka na kwa kelele, utadhani yeye ndiye aliyekosa. Nilitegemea atakasirika, na kwa kweli nilimwombea akasirike. Akacheka. "Mpaka Saltley jirani kafika!" akasema. "Miye nimekimbia bahari mbili, yeye kanitangulia nyumba ya pili." Akavikunja vile vinguo, mkono juu ya mkono, vizuri kuliko nilivyovikunja mimi.

Kisha akaniuliza swali moja, bila ukali, akitaka kujua kweli. "Ile siku ya kwanza, ulipojibu inshallah. Ulikuwa unajua huendi?"

Ningeweza kusema sikujua. Fomu ilikuwa bado. Lakini nilijua. Kabla ya fomu, kabla ya swali, nilijua sitaki safari ile, nilichoka kabla ya kuondoka, niliogopa giza la nchi ya watu. Marekani ilinipa sababu nzuri ya kitu nilichokwisha kukikataa. Nikamwambia, "Nilijua."

Akatikisa kichwa. "Nilimwambia mama unakuja," alisema. "Nikamwambia, kasema neno la Pemba."

Aliamua kwenda peke yake. Hapo ndipo nikachangamka, maana kumsaidia mtu kufanya asichoweza ni rahisi kuliko kwenda naye. Nikapiga simu za mashirika ya ndege kuomba mtu wa kumshika mkono Madrid. Nikamwandikia maandishi makubwa kwa kalamu nene: huyu haoni vizuri, tafadhali msaidieni. Lakini wakati huo Havana hakukuwa tena na mafuta ya kujaza ndege za kurudi, na safari zikaanza kufutwa moja moja. Yake ikasogezwa mbele wiki moja. Ikasogezwa tena. Ya tatu hawakuisogeza, waliandika samahani. Nilimsomea mimi ule ujumbe, yeye amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, na nilipofika mwisho akaniomba nisome tena polepole kama kuna mahali nimeruka.

Ile siku ya pini, ndege zilikuwa zinakwenda. Hesabu hiyo nimeifanya mara nyingi na haibadiliki. Tungeondoka wiki ile ningekuwa nimemfikisha.

Mimi niliondoka Januari. Alinisindikiza mpaka kituo cha mabasi cha Digbeth, mume wangu kabeba mizigo na mimi nimemshika yeye kiwiko, ingawa ukituona ungedhani ndiye aliyenishika mimi. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Alinifundisha njia nzima: mama akijifungua mtoto awekwe kifuani pale pale, asiogeshwe haraka, maziwa ya mwanzo ya manjano yasikamuliwe yakamwagwa kama Wapemba wengine walivyokuwa wakifanya mpaka akawagombeza. Basi la uwanja wa ndege lilipofungua mlango nikataka kumwomba radhi. Akanisukuma mgongoni. "Panda," akasema. "Panda, pumua."

Kule Marekani ofisa wa mpakani aliniuliza nimekuja kufanya nini. Nikasema kumpokea mjukuu. Akasema hongera, akanirudishia pasipoti. Sijawahi kupita mlango rahisi namna ile. Niliposukuma mizigo yangu kutoka nje nilikuwa nalia, na binti yangu na tumbo lake akadhani ni furaha, na ilikuwa furaha pia.

Mtoto alikuja siku ya tisa, wa kike, mzima, mwenye hasira. Kunyonya ndiyo ikawa kazi. Chuchu za binti yangu zilipasuka, mtoto akilia, mama akilia, na mimi niliyelea wawili nikasahau kila kitu nilichowahi kujua. Alhamisi asubuhi jirani yangu akapiga simu ya video. Alikuwa ameisogeza simu karibu sana, tukaona jicho moja na mvi. Akataka tumwonyeshe mtoto, na kwa kuwa haoni vizuri akataka tumsikilizishe. Akasikiliza kilio. Akasema mtoto huyu ana njaa lakini hana tatizo. Kwa nusu saa nzima akamwelekeza binti yangu kwa Kiswahili chake cha wodi, na binti yangu, ambaye tangu ana miaka kumi hunijibu kwa Kiingereza, akamjibu kwa Kiswahili: ndiyo, Bibi, hivi, Bibi? Kichwa kiinue. Chuchu ielekee puani. Subiri afunue mdomo wote, wote, haya sasa. Mtoto akashika. Chumba kikawa kimya, tukasikia anameza. Binti yangu akafumba macho. Jirani yangu akasema, "Haya, nimemaliza kazi," akakata.

Ijumaa mume wangu alinipigia. Tulizungumza habari za mjukuu, habari za boila ya maji ya moto iliyoharibika, kisha akasema, "Nilikuwa nampelekea uji mwenzako hapo. Hujasikia? Kafiwa na mama yake."

"Lini?"

"Jumanne. Kwao huzika siku ya pili yake. Simu zilikuwa zimekufa huko, yeye kaambiwa Jumatano jioni, mama keshazikwa."

Jumatano jioni. Na Alhamisi asubuhi alikuwa nasi nusu saa, chuchu ielekee puani.

Nilimpigia pale pale. Mtoto alikuwa begani kwangu, amenyonya, amelewa maziwa. Aliitika kwa sauti ya kawaida. Nikaanza maneno yetu, pole, Mungu amrehemu, na yakanikwama, kwa kuwa mengi yao huanza na Mungu na niliona haya kumtaja Mungu mbele yake.

"Ulipiga jana," nikasema. "Ulijua, na ukapiga. Kwa nini hukunambia?"

"Ungefanya nini, shoga?"

Hakuuliza kwa uchungu. Aliuliza kama daktari anavyouliza mtu aliyekuja na mgonjwa. Nikatafuta jibu. Nilitafuta kweli, nikiangalia theluji ya Ohio dirishani, na sikuwa na kitu, hata neno moja la kumpa ambalo sikuwa nimekwisha kuliharibu. Nilisikia paka wake, nikasikia na basi likipita mtaani kwetu. Mtoto akajinyonganyonga shingoni kwangu, akaanza kulalamika.

"Amecheua?" akauliza.

"Bado."

"Basi mkalishe wima. Mpigepige mgongo, taratibu. Usikate simu, nimsikie."

Nikamkalisha, nikampigapiga, na yeye akasikiliza.